Mnunuzi akisema oda iko “up in the air”, je, maua yamepanda ndege?

Mizigo wa Naivasha

Habari zenu wote. Naomba msaada wa wanaojua Kiingereza cha kazini, si kile cha mtihani. Ofisi yetu ya hati huandikiana barua pepe na wanunuzi wa maua walio Uingereza na Marekani. Maneno yao si magumu: hewa, mashua, mvua, mpira. Kila neno nalijua, lakini sentensi nzima inaniponyoka. Hizi ni za wiki mbili tu:

“The Monday order is still up in the air.”
“I'm afraid we've missed the boat on Valentine's.”
“Can you give me a ballpark figure for the 60 cm stems?”
“I'll have to take a rain check on the farm visit.”
“Looks like somebody dropped the ball at packing.”
“Let's nip this botrytis thing in the bud.”
“We're cutting it fine.”

Nina maswali matatu. Zina maana gani hasa? Nitatambuaje kwamba hii ni nahau kabla sijajibu upuzi? Na nikijibu, nami niweke nahau zangu au niache? Programu ya kutafsiri kwenye simu hunipa mashua na mpira, kisha inaniacha hapo hapo.

Tafsiri Milimani, Kisumu

Ndugu Mizigo, nianze na ya kwanza kwa sababu ndiyo inayoweza kuwatia hasara. “Up in the air” ni jambo ambalo halijaamuliwa, kama sarafu iliyorushwa juu na haijaanguka upande wowote. Mnunuzi anakwambia oda ya Jumatatu haijathibitishwa. Msikate maua, msilipie nafasi kwenye ndege. Anayeisoma mbio huona shehena iko angani, akaacha kufuatilia, na Jumatatu ikifika hakuna oda wala maelezo. Shehena ikiwa angani kweli, mtu wa mizigo huandika “departed” au “in transit” na kuambatisha namba ya hati ya usafiri wa ndege. Tazama hapo kwanza, maana nahau haiji na namba.

“Missed the boat” nayo haina meli. Maana yake ni kwamba fursa imepita: tumechelewa, soko la Valentine limetuponyoka. Kwa kuwa siku hizi baadhi ya maua ya Kenya hushuka Mombasa na kusafiri baharini kwenye makontena ya baridi, kosa hili ni rahisi kulifanya kuliko zamani. Angalia kinachofuata “on”: hapo kuna jina la fursa, si jina la chombo. Kontena likiachwa na meli halisi, watu wa bandari kwa kawaida husema “missed the vessel”, na meli hutajwa kwa jina lake. Na hilo “I'm afraid” halina woga wowote, ni “samahani” au “kwa bahati mbaya”. Mwingereza huitanguliza anapotaka kutoa habari mbaya, kwa hiyo ukiiona mwanzoni mwa sentensi jiandae kwa kinachokuja.

Usijaribu kubashiri kutoka kwenye mashua hiyo. “In the same boat” ni kuwa katika hali moja, mara nyingi ya taabu. “Rock the boat” ni kuchafua mambo yaliyotulia. “Push the boat out” ni kutumia pesa bila kujibana, kama kwenye sherehe. Mashua ni ile ile na maana haziuliziani hali.

“Ballpark figure” ni kadirio. “Ballpark” ni uwanja wa besiboli, na makadirio yakiwa ndani ya uwanja yanatosha. Anataka kujua kama bei ya shina la sentimita 60 iko karibu na bajeti yake, basi. Watu hukosea kwa njia mbili. Kuna anayechelewesha jibu siku tatu akisubiri bei kamili kutoka kwa meneja, na mnunuzi anahamia kwingine. Mwingine hutuma namba moja tupu, kisha anashikwa nayo kama bei ya mwisho. Toa masafa, kutoka kiasi hiki hadi kile, na uandike waziwazi “estimate only, not a quotation”. “Quotation” ndiyo bei rasmi inayokufunga.

“Rain check” ni ya Marekani, imetoka kwenye besiboli ya karne ya 19. Mechi ikikatizwa na mvua, mtazamaji alibaki na kipande cha tiketi cha kumwingiza siku nyingine. Kwa hiyo mgeni wenu anasema: si wakati huu, labda siku nyingine. Hajauliza kama Naivasha kunanyesha, usimtumie utabiri wa hali ya hewa. Wakati mwingine ni njia ya heshima ya kukataa kabisa. Mpendekezee tarehe mbili; akikwepa zote mbili, usimsukume tena.

“Dropped the ball” ni lawama: aliyepewa jukumu alizembea. “Looks like” na “somebody” zimewekwa kupunguza makali, lakini usidhani ni mzaha. Jibu kwa namba za masanduku, tarehe, na hatua iliyochukuliwa.

“Nip in the bud” ni kulizima jambo likiwa changa, kabla halijaota mizizi. Hapa mnunuzi anacheza na maneno pia, kwa kuwa botrytis ni kuvu inayoshika tumba la waridi na petali zake kweli. Asitokee mtu akaenda kukata matumba. Anataka kujua mmefanya nini kuhusu ukungu huo.

“Cutting it fine” haihusu makasi. Ni kubakiza muda mdogo mno, jambo la kufika ukingoni. Mmarekani atasema “cutting it close”. Katika biashara ya maua hiyo “cutting” inaweza kumpotosha hata mtu mzoefu, kwa sababu kukata ndiyo kazi ya kila asubuhi.

Chaki na Ubao, Kakamega

Ndugu Milimani amemaliza swali la kwanza. Nitashika la pili.

Alama ninayoiamini kuliko zote ni neno “the” au “it” lisilo na mwenyewe. Kiingereza hutumia “the” kwa kitu ambacho msomaji anakijua tayari. Soma tena: “missed the boat”. Mashua gani? Hakuna iliyotajwa katika barua nzima. “Dropped the ball”. Mpira upi? “Cutting it fine”. Hiyo “it” inashika nini? Ukiuliza “ipi?” na barua haina jibu, simama hapo, umeshika nahau mkononi. Alama ya pili ni kitu kisicho na shughuli mahali pale, mvua katika ratiba ya wageni, mpira katika chumba cha kufungia maua. Hii ya pili ni dhaifu zaidi, kwa sababu kama mlivyoona kwenye “bud” na “cutting”, wakati mwingine neno linafanana na mazingira.

Ukishaishuku, usiingize sentensi nzima kwenye kamusi. Ivue nguo kwanza. Kitenzi kirudishe kwenye umbo lake la asili: “dropped” iwe “drop”, “cutting” iwe “cut”. Panapo “my”, “his”, “our” weka “one's” au “somebody's”, kwa sababu ndivyo kamusi zinavyoziandika, mara nyingi kwa ufupisho “sb” (somebody) na “sth” (something). Kisha tafuta chini ya neno la kwanza lenye uzito, yaani nomino, kitenzi, kivumishi au kielezi, si “in”, “the” wala “of”. Katika kamusi za Oxford za wanaojifunza Kiingereza, nahau zimekusanywa mwishoni mwa neno kuu chini ya alama IDM (kifupi cha “idioms”, nahau). Vitenzi vinavyotumika kila mahali kama “make”, “bring” na “get” vina nahau nyingi mno, kwa hiyo mara nyingi utaelekezwa kwenye nomino inayofuata. Anayetafuta “get the ball rolling” (kuanzisha jambo) aende moja kwa moja kwenye “ball”.

Ukiipata, usiishie kwenye maana. Soma lebo iliyo mbele yake. “Informal” ni ya mazungumzo, “old-fashioned” imepitwa na wakati, “disapproving” ina dharau ndani, “humorous” ni ya utani, BrE ni ya Uingereza na NAmE ya Amerika Kaskazini. Wanafunzi wetu wengi hukosea hapo. Wanajua “kick the bucket” ni kufa, na ni kweli, tayari kamusi ya Francis Grose ya mwaka 1785 iliiorodhesha kwa maana hiyo. Lakini hadhi yake ni ile ya “kukata kamba” au “kwenda jongomeo”. Kuiweka kwenye barua ya rambirambi ni matusi. Inayolingana na kuaga dunia ni “pass away”.

Halafu kuna umbo. Nahau nyingine zimeganda kama ugali wa jana, ukizigeuza zinavunjika. “The bucket was kicked” ni ndoo halisi iliyopigwa teke, hakuna aliyekufa. Nyingine zinakubali kauli ya kutendwa bila shida: “strings were pulled” bado ni watu waliotumia ukubwa wao kupenyeza jambo. Kamusi haitakwambia hili kwa maneno, litoe kwenye mifano. Ndiyo maana nasema soma mifano mitatu kabla ya kuandika mmoja wako.

Kwenye daftari weka mistari minne kwa kila nahau: sentensi nzima uliyoikuta, maana kwa Kiswahili chako, lebo yake, na sehemu inayoweza kubadilika. Tano kwa wiki zinatosha. Zirudie baada ya siku moja, tatu, saba, kisha ishirini na moja. Zile orodha za nahau mia moja zinazosambazwa kwa simu hazifai kitu, kwa sababu hazina sentensi, na nahau bila sentensi ni jina bila sura.

Nikiwa hapa niseme na haya, maana nayaona kila muhula. “Add salt to injury” haipo. Ni “add insult to injury” na “rub salt into the wound”, zote za kumzidishia mtu maumivu, zilizogongana. “Once beaten, twice shy” ni makosa, ni “bitten”: aliyeumwa, kama yule wetu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. “Last but not the least” iondolewe hiyo “the”. Na “raining cats and dogs” (mvua kubwa) inayopendwa na kila mwandishi wa insha ina harufu ya kizee. Mwingereza wa leo atasema “it's pouring” au “it's bucketing down”. (Mvua ya mawe si nahau, tafadhali. Kericho na Nandi wanaijua vizuri.)

Swali la tatu: elewa zote, usitumie hata moja. Mnunuzi akikuandikia kwa nahau, mjibu kwa maneno ya kawaida.

Ung'ongo, Bungoma

Mwalimu kasema vyema. Mimi naogopa zaidi zile ambazo mtu anadhani anazijua, kwa sababu Kiswahili kina nahau inayofanana nazo kwa sura.

Chumvi peke yake inatosha kumwangusha mtu. “Take it with a pinch of salt”, ambayo Mmarekani huiita “a grain of salt”, ni kutoamini yote unayoambiwa. Kwetu kutia chumvi ni kuongezea habari uongo. Zinapishana njiani: kwetu chumvi iko mkononi mwa msemaji, kwao iko mkononi mwa msikilizaji. Mnunuzi akiandika “I'd take his figures with a pinch of salt” na wewe ukamwambia meneja kwamba mnunuzi anatia chumvi kwenye takwimu, umemgeuza mwenye shaka kuwa mwongo. “Salt of the earth” ni watu wanyofu wasio na makuu, kutoka Mathayo 5:13. “Worth his salt” ni mtu anayeistahili kazi yake. Kula chumvi nyingi, yaani kuishi miaka mingi, ni yetu sisi. Ukimwambia Mwingereza kwamba babu amekula chumvi nyingi, atakuuliza kuhusu shinikizo la damu.

Moyo nao una mtego. “He broke my heart” ni huzuni nzito ya mapenzi au ya msiba. “Alinivunja moyo” ni alinikatisha tamaa. Kwa hiyo kwa “ripoti ya ubora ilituvunja moyo” andika “the quality report was discouraging”. Ukiandika kwamba imewaacha “heartbroken”, mnunuzi atashangaa mnalilia katoni.

Kumwaga: “spill the beans” ni kutoa siri, na kumwaga mtama inaikaribia sana. Lakini usimwage unga, maana huko ni kupoteza kazi.

Mbuyu: “beat about the bush” wengi huitafsiri kuwa kuzunguka mbuyu. Mazungumzoni utaeleweka. Katika orodha za nahau tulizosoma shuleni, hata hivyo, kuzunguka mbuyu ni kutoa hongo. Ukimwandikia meneja kwamba wakala wa mnunuzi alizunguka mbuyu mkutano mzima, kuna msomaji atakayeita wakaguzi. Sema alizungukazunguka kwa maneno.

“Hard-headed” ndiyo inayoniudhi. Mtu mwenye kichwa ngumu kwetu ni mkaidi au mzito wa kuelewa. Mwingereza akimwita mkurugenzi wenu “a hard-headed businesswoman” amemsifu: ni mtu anayeamua kwa hesabu, hachukuliwi na hisia. Marekani inaweza pia kuwa ukaidi, kwa hiyo tazama nani ameandika. Na “the long arm of the law” ni mkono wa serikali unaomfikia mhalifu popote, ilhali mwenye mkono mrefu kwetu ndiye mwizi mwenyewe.

Zipo zinazolingana barabara, hizo zitumie bila hofu unapomweleza mwenzako. “Turn a blind eye” ni kufumbia macho. “Turn a deaf ear” ni kutia masikio pamba. “A slip of the tongue” ni kuteleza kwa ulimi. Zenye asili ya Biblia nazo huja tayari zimetafsiriwa: “wash one's hands of something” ni Pilato kunawa mikono, “the apple of his eye” ni mboni ya jicho katika Kumbukumbu la Torati 32:10, “the writing on the wall” ni ule mkono ulioandika ukutani katika Danieli 5, yaani dalili za mwisho mbaya zimeonekana. Angalia tofauti hiyo moja: “apple” kwa Kiswahili haikuwa tunda, ikawa mboni. Watafsiri wa Biblia walifanya kazi hii kabla yetu, tusione haya kuazima kwao.

Upepo wa Menengai, Nakuru

Nakubaliana na mengi, lakini mwalimu amefunga mlango mno. Kumjibu mnunuzi wa miaka mitano kwa Kiingereza kikavu kabisa kunaweza kusomwa kama hasira. Kuna nahau chache salama zisizo na utani wala lahaja: “we'll keep you posted” (tutakujulisha kadiri mambo yanavyoendelea), “we're keeping an eye on it” (tunaliangalia), “the shipment is on track” (mambo yanaenda kama yalivyopangwa). Tatu hizo zinatosha mwaka mzima. Angalia tu “keep an eye on” ibaki na jicho moja.

La pili ni asili. Milimani ametumia historia ya “rain check” vizuri, kwa sababu asili hiyo inajulikana na inakupa maana moja kwa moja. Besiboli imezaa nyingi za ofisini: “touch base” (kuwasiliana kwa ufupi), “step up to the plate” (kujitokeza kubeba jukumu), “out of left field” (jambo la ghafla lisilotarajiwa). Ukijua uwanja ulivyo unazikumbuka kwa mkupuo. Lakini asili nyingi zinazozunguka mtandaoni ni za kubuni. Ile ya paka na mbwa kuteleza kutoka mapaa ya nyasi ya zamani mvua ikinyesha imesambazwa miaka mingi na haina ushahidi. Hadithi tamu ikikusaidia kukumbuka, ikumbuke, usiifundishe kama historia.

La tatu halijaguswa, na nyinyi mna wanunuzi wa pande mbili. Baadhi ya nahau hubadilisha neno tu: Uingereza “a storm in a teacup”, Marekani “a tempest in a teapot”, yote ni kelele kubwa kwa jambo dogo. “Sweep it under the carpet” na “under the rug”, kuficha jambo la aibu. “A drop in the ocean” na “a drop in the bucket”, kitu kidogo mno kisichotosha, hii ya pili ikiwa ile ya Isaya 40:15. “Touch wood” na “knock on wood”, kuomba bahati isigeuke. “Green fingers” na “green thumb”, kipaji cha kustawisha mimea, ambayo kwenu Naivasha mtasifiwa nayo kila mwezi. Hizo hazina madhara.

Hatari ni neno moja lenye maana mbili zinazopingana. “Quite good” ya Mmarekani ni nzuri sana. Ya Mwingereza mara nyingi ni nzuri kiasi, haijafika. Maua yakisifiwa “quite good” kutoka London, uliza ni kipi kimepungua. Na Mwingereza akianza na “with respect”, ujue anakupinga.

Mizigo wa Naivasha

Asanteni sana, walimu wangu wote. Hiyo ya “the” isiyo na mwenyewe nimeijaribu kwenye barua za mwezi uliopita, na inashika nyingi. Zimebaki tatu. Ya kwanza: “We're not out of the woods yet on the claim.” Ya pili imetoka kwa Mmarekani: “Let's table the claim for now.” Ya tatu kutoka London: “Please send the photos by close of play Friday.” Hiyo ya mwisho tulidhani ni mechi ya Ijumaa.

Tafsiri Milimani, Kisumu

“Not out of the woods” ni kwamba hatari haijaisha, mambo yamepata nafuu lakini tusishangilie. Ni ule mto ambao hujauvuka na mamba bado yumo. Jua kwamba dai la fidia halijafungwa, wekeni picha na kumbukumbu zote.

Upepo wa Menengai, Nakuru

“Table” ndiyo niliyokuwa nikiihofia. Kwa Mwingereza, na hata kwenye Bunge letu lililofuata desturi za Westminster, “to table” ni kuliweka jambo mezani lijadiliwe. Kwa Mmarekani ni kuliondoa mezani, liahirishwe. Kwa kuwa aliyeandika ni Mmarekani na ameongeza “for now”, anataka dai lisijadiliwe kwa sasa. Msitume nyaraka za dai wiki hii. Mwandikieni hivi tu: “Understood. We will put the claim on hold. Please tell us the date you would like to discuss it.” Akiwa alimaanisha kinyume, atasahihisha siku hiyo hiyo. Na nyinyi wenyewe msilitumie kamwe neno hilo mnapowaandikia wote wawili kwa pamoja.

Chaki na Ubao, Kakamega

“Close of play” imetoka kwenye kriketi, ni wakati wachezaji wanapoondoka uwanjani jioni. Ofisini ni mwisho wa saa za kazi, sawa na “close of business”. Ni saa za kazi za nani? Asipotaja, chukua za kwake. Saa kumi na moja jioni ya London ni saa mbili usiku kwetu wakati wao wako kwenye majira ya baridi, na saa moja usiku wakisogeza saa mbele majira ya joto, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Lakini picha zikiingia dakika hiyo hazitasomwa hadi Jumatatu. Zitume kabla ya saa nane mchana kwa saa zetu, awe bado na nusu siku ya kuzitazama.